Kurudia GMAT ukiwa Mwanza: rekebisha maamuzi kabla ya kuongeza maswali

Kama umeshafanya GMAT, ule mtihani wa kuombea nafasi ya shahada ya uzamili ya biashara, na alama hazikufika pale chuo unachokitaka kinapotazamia, usinunue kitabu kingine kwanza. Nimeurudia mtihani huu mwenyewe, na nimekaa meza moja na vijana wa hapa Mwanza waliokuwa wakijiandaa kuurudia. Anayepanda ni yule anayejua dakika zake zilipotelea wapi. Anayejibu maswali mengi zaidi kwa mtindo uleule hurudi na alama zilezile.

Anza na ripoti ya matokeo. Alama ya jumla huwa kati ya 205 na 805, na kila sehemu, yaani hesabu, lugha na uchambuzi wa data, hupewa 60 hadi 90. Sehemu zote tatu zina uzito sawa. Wahasibu na watu wa benki hulisahau hili: wanakazana na hesabu ambazo tayari wanazimudu, huku uchambuzi wa data ukiwavuta chini. Ripoti inaonyesha pia ulivyofanya kwa aina za maswali na muda ulivyoutumia. Isome kwa utulivu kabla hujajipangia ratiba.

Sasa nije kwenye tabia tuliyotoka nayo shule, maana hapa ndipo wengi wetu tunapoumia. Mitihani ya NECTA imetuzoesha kwamba ukionyesha njia, hata jibu likikataa, unaambulia alama. Ndiyo maana tunakomaa na swali. GMAT haioni njia yako, inaona jibu tu. Hesabu ina maswali 21 kwa dakika 45, dakika mbili na sekunde chache kwa kila swali. Ukikomaa dakika sita na swali moja, umekula muda wa maswali mawili yaliyo mbele ambayo huenda ungeyapata. Na ukiishiwa muda kabla ya kumaliza, maswali yaliyobaki bila jibu yanakushusha. Dakika mbili zikipita na huoni pa kushika, chagua jibu, liwekee alama ya kulirudia, songa mbele. Muda ukibaki mwishoni mwa sehemu unaruhusiwa kubadili hadi majibu 3. Kujizoeza kuachia swali kunauma kuliko kujifunza aljebra, na kwa maoni yangu hakuna zoezi linalopandisha alama zaidi ya hilo. Wala usishtuke maswali yakizidi kuwa magumu: mtihani huu hupima kiwango chako kadiri unavyojibu, na ukipata, unaletewa gumu zaidi.

Weka daftari la makosa. Usiandike swali zima na ufumbuzi wake, andika kilichokuponza. Ulisoma haraka? Hukujua kanuni? Ulijua lakini ulichagua njia ndefu? Baada ya wiki chache utaona makosa yako yana ukoo. Mfano mzuri ni yale maswali ya uchambuzi wa data yanayouliza kama taarifa ulizopewa zinatosha. Chukua hili: mchuuzi wa Mwaloni, Kirumba, amenunua sangara na sato, jumla kilo 40. Je, kilo za sangara zilikuwa nyingi kuliko za sato? Taarifa ya kwanza: sangara walikuwa chini ya kilo 25. Haitoshi, kwa sababu wanaweza kuwa kilo 24 au kilo 10. Taarifa ya pili: sato walikuwa zaidi ya kilo 22. Hapo sangara hawafiki kilo 18, kwa hiyo jibu ni hapana, na hapana ya uhakika inatosha kabisa. Watu wengi wakiona hapana huandika kwamba taarifa haitoshi. Anayefanya hivyo hana tatizo la hesabu, na kumuongezea hesabu ni kumchosha bure.

Kwenye lugha, usikimbilie kukariri misamiati ya Kiingereza. Maswali ni 23 kwa dakika 45, na yote ni ya ufahamu na ya kupima hoja. Kabla ya kutazama majibu, jisemee kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma kama ndicho kinachokutoka haraka: huyu mwandishi anataka niamini nini, na kwa sababu gani? Ukishindwa kulisema, bado hujaelewa, rudi kwenye aya.

Vitabu vya zamani vya kuazimana vitakupotezea muda. Mtihani ulibadilishwa mwishoni mwa 2023: maswali ya kusahihisha sentensi yameondolewa, jiometri imeondolewa, insha imeondolewa. Kikokotoo kipo kwenye uchambuzi wa data pekee. Mitihani miwili rasmi ya mazoezi hutolewa bure. Usiitumie yote wiki ya kwanza.

Sheria inakutaka usubiri siku 16 kabla ya kurudia, na huruhusiwi kuzidi mara 5 ndani ya miezi 12. Siku 16 hazitoshi kubadilisha tabia. Kwa mtu wa kazini, anayepanda daladala Buhongwa asubuhi na kurudi jioni amechoka, ningesema miezi miwili au mitatu, dakika sitini za alfajiri kila siku na mtihani mzima wa mazoezi Jumamosi.

Ukiamua kuufanyia nyumbani kwa intaneti, tafuta chumba ambacho hakuna atakayefungua mlango, maana mtu akiingia mtihani unaweza kufutwa. Waambie wa nyumbani mapema, watoto hasa. Umeme nao upangie: chaji kompyuta ijae, na modemu iwe na betri yake.

Alama za zamani zisikunyime usingizi. Unaziona kwanza, ndipo unaamua zipi zitumwe chuoni, na zinadumu miaka 5.