Ukubwa wa parashuti iliyotumika kwa anayeanza

Ndugu, anayeanza mchezo wa kuruka kwa parashuti anunue parashuti ambayo futi zake za mraba hazipungui uzito wake kwa ratili, pamoja na vifaa vyote: mwenye jumla ya kilo 90, yaani ratili 198 hivi, achukue ya futi za mraba 200 au zaidi. Ndiyo kanuni wanayofuata walimu wengi. Sisi wa Lubumbashi tuongeze kidogo, kwa kuwa tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi huongeza kasi ya kutua. Tafadhali usilipe kabla fundi mwenye cheti hajaikagua parashuti ya akiba na kusoma tarehe ya kutengenezwa kwa kifaa kinachoifungua chenyewe, maana aina nyingi zina umri wa mwisho uliowekwa na kiwanda, hata zikionekana mpya.