Fundi Akitaka Kutoa Masega, Mwambie Afungue Plagi Kwanza

Juzi msomaji wa Mbagala ameniandikia: gari lake limeanza kukosa nguvu na fundi kamwambia dawa ni kutoa masega, ile kauri yenye vitundu inayosafisha moshi ndani ya ekzosi. Nimemjibu usiku uleule asikubali.

Langu lilipoanza kuvuta kwa shida likipandisha Kimara, kwenye gereji moja waliniambia hayohayo. "Bosi, masega ni ya Ulaya, huku yanabana gari tu." Nikakataa, wakanicheka mbele ya wateja. Hadi leo inaniuma, kwa sababu nilichoomba kilikuwa kidogo: wapime kwanza. Nikaenda kwa mzee mmoja Gerezani, mtu asiye na maneno mengi. Akatoa plagi na kuzipanga juu ya kitambaa. Tatu zilikuwa za kahawia, kavu. Ya nne nyeusi, inanuka petroli. Koili yake, inayoipa plagi umeme wa cheche, ilikuwa imekufa, petroli isiyoungua ikawa inakwenda kuungulia ndani ya masega. Joto likizidi mle, kauri huyeyuka na kuziba njia ya moshi. Mzee aliwahi kabla hayajafika huko. Masega yangu ni yaleyale yaliyokuja na gari kutoka Japani, na najivunia.

Kauri hiyo imepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita, kaboni monoksidi inageuka kaboni dioksidi, na oksidi za naitrojeni zinakuwa naitrojeni ya kawaida. Ukiyatoa masega, sumu inatoka ilivyo, na kwenye foleni ya Mandela anayeivuta ni bodaboda aliye nyuma yako na mama anayeuza matunda pembeni. Madini hayo yana bei. Anayekuhimiza uyatoe, muulize yatabaki kwa nani.

Sisi tunaotaka gari lidumu, tusiendeshe gari lenye misi, yaani lenye silinda isiyochoma petroli yake vizuri. Taa ya injini ikiwa inawakawaka, paki. Oili ikipungua ovyo, tibu injini, maana fosforasi ya kwenye oili hufunika madini yale. Jangwani kukijaa maji, zunguka; kauri yenye moto ikizama ghafla hupasuka. Na narudia: misi, ndugu zangu, misi!

Ukihisi yameziba kweli, fundi afungue sensa ya oksijeni ya mbele, iliyo kabla ya masega, apime presha ya moshi hapohapo. Ukilazimika kununua ya mtumba, yatikise kabla ya kulipa. Yakilia ndani, kauri imevunjika, usichukue.