Kumzoesha mbwa mdogo kutoomba mezani

Ndugu muulizaji, nimekuelewa: mbwa wako wa kilo 4 hubweka kila mnapokunywa chai mpaka amegewe andazi, na watoto hawana moyo wa kumnyima. Mbwa wa uzito huo huhitaji takribani kalori 250 hadi 300 kwa siku, na vitafunio havipaswi kuzidi asilimia 10 ya hizo, hivyo andazi moja hupita kiasi hicho mara kadhaa.

Mpeni karoti au kuku wa kuchemsha asiye na chumvi wala mifupa, katika bakuli lake, baada ya ninyi kumaliza kula. Mfundisheni pia kulala kwenye mkeka wake wakati wa chai, na mumtuze akinyamaza. Siku za mwanzo atabweka zaidi, na hapo ndipo wengi hushindwa, kwa kuwa kipande kimoja anachopewa kwa siri na mtoto humfundisha kwamba kung'ang'ania hulipa.

Chokoleti, zabibu, vitunguu, makadamia na peremende zenye zailitoli (kitamutisho kinachotumiwa badala ya sukari) ni hatari kwake. Akivila, mpelekeni kwa daktari wa mifugo bila kusubiri dalili, wala msimtapishe kwa maji ya chumvi, ambayo yenyewe yanaweza kumdhuru.