Video za YouTube darasani: bando, sauti, na namna ya kuzisimamisha

Mwalimu, umeuliza mambo mawili: kwa nini video inakwama katikati ya kipindi huku bando likiyeyuka, na kwa nini Kidato cha Pili wanaifurahia video ya moyo lakini kesho yake hawakumbuki kitu. Naanza na bando kwa kuwa dawa yake ni nyepesi. Hilo la pili ndilo zito.

Ubora ukiachwa kwenye Auto, YouTube hupandisha picha kadiri mtandao unavyoruhusu. Ukifungua skrini nzima inaweza kuruka hadi 720p au zaidi, na hotspoti ya simu ikiyumba kidogo tu, duara linaanza kuzunguka. Gusa alama ya gia uchague mwenyewe 360p. Kama mchoro una maandishi madogo, 480p. Video ya kilobiti 700 kwa sekunde hula kama MB 315 kwa saa, wakati sauti tupu ya kilobiti 64 hula kama MB 29. Kwa hiyo somo la kusikiliza, mfano matamshi au masimulizi ya historia, lipeleke kwa podikasti. Zima Autoplay (video inayofuata kujicheza yenyewe). Halafu kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya Windows washa Metered connection (inaiambia Windows kuwa bando lina kikomo), maana mara nyingi mla bando ni Windows inayojisasisha kimyakimya.

Bora zaidi usitegemee mtandao kabisa saa ya kipindi. Kolibri, programu ya bure ya Learning Equality, unaisakinisha kwenye laptop, unapakua masomo mara moja penye mtandao mzuri, basi. Khan Academy ya Kiswahili imo. Chagua mada unazofundisha tu, kwani chaneli nzima ni GB nyingi. Vishikwambi vilivyo kwenye Wi-Fi moja na laptop vinafungua kwa kivinjari: andika anwani ya IP ya laptop (namba yake kwenye mtandao huo), kisha :8080. Ukurasa ukigoma kufunguka, angalia kwanza kama Windows imeuweka mtandao huo kuwa Public. Ubadilishe uwe Private.

Sauti: waya wa HDMI hubeba na sauti pia, ndiyo maana spika uliyochomeka kwenye laptop inanyamaza na kale kaspika ka projekta ndiko kanakolia. Bofya alama ya spika chini kulia uchague pa kutolea sauti. Spika ya Bluetooth huchelewesha sauti nyuma ya mdomo wa msemaji, hivyo tumia waya.

Sasa kusahau. Video ya dakika 9 ikichezwa mfululizo, mwanafunzi anaiona kama sinema. Chukua dakika 2 au 3 tu zenye jambo unalolitaka, na uwape swali kabla ya kucheza. Kwenye moyo, simamisha kwa kitufe cha K sekunde moja kabla ventrikali ya kushoto (chumba cha chini cha moyo) haijajikaza. Uliza: damu itaelekea wapi, na nini kitaizuia isirudi atiria (chumba cha juu)? Waandike jibu kwanza, ndipo ucheze. Kisha rudi sekunde 10 kwa J, simamisha tena, na utumie kitufe cha nukta kusogeza picha moja moja hadi waone vali ikifunga. Hapo waambie kwa mdomo wako kile ambacho katuni haisemi vizuri: vali haijifungui yenyewe, ni shinikizo la damu linaloisukuma. Na rangi ya bluu ni ya mchoro tu. Damu yenye oksijeni kidogo ni nyekundu iliyokolea. Usipolisema hilo, utalikuta kwenye karatasi za mtihani.

Msemaji akienda mbio kwa Kiingereza, punguza kasi hadi 0.75 na uwashe manukuu kwa C. Manukuu yanayoandikwa na mashine hukosea sana majina ya kisayansi, kwa hiyo orodhesha maneno 6 au 7 ubaoni kabla ya kuanza, yakiwa na tahajia sahihi.

Kwa kazi ya nyumbani usitume video nzima. Mwishoni mwa kiungo kirefu ongeza &t=95s, nayo itaanzia sekunde ya 95. Chini yake andika swali moja, na utaje sekunde ya kuishia, ili mzazi mwenye bando la MB 100 asilimalize lote kwa somo moja.