Ya chini yameshika, sasa ya juu yananiangusha

SWALI

Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Muheza, nina miaka 71, na sina jino la asili hata moja. Mwaka jana watoto walichangishana nikawekewa skurubu mbili kwenye taya la chini, meno bandia yananasa hapo. Kusema kweli nimefarijika. Makande nakula, na barazani nacheka bila kuziba mdomo. Ila nyama choma na pweza bado vinanishinda. Nikiuma tu, meno ya juu yanaachia nyuma na kunidondokea ulimini. Zamani hayakuwa hivyo, ya chini ndiyo yaliyokuwa yakiogelea. Na siku hizi hata hayo ya chini hayalii tena “ta” nikiyavaa. Binti yangu anasema tumeliwa. Je, niongeze skurubu na juu?

JIBU

Shikamoo, mwalimu. Mwambie binti hamjaliwa. Malalamiko haya nayasikia kila mara kwa watu waliowekewa vipandikizi, yaani hizo skurubu zako, chini peke yake.

Meno bandia ya chini hayana pa kushika. Ulimi unayasukuma, mashavu yanayasukuma, na mfupa wa chini husinyaa kuliko wa juu. Ndiyo maana mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walikubaliana kwamba kwa taya la chini lisilo na jino, meno bandia yanayoshikwa na vipandikizi viwili yawe chaguo la kwanza. Ya juu yana kaakaa zima la kuegemea, tena mate na ukingo wake huzuia hewa isipite.

Sasa, zamani ya chini yalipokuwa yanaogelea, hukuthubutu kuuma kwa nguvu, kwa hiyo ya juu yalikuwa yanastarehe. Mtu mwenye meno bandia ya kawaida juu na chini mara nyingi hafikishi hata robo ya nguvu ya kuuma ya mwenye meno yake. Vipandikizi viwili vinaweza kuiongeza karibu maradufu. Wewe umeongeza nguvu chini, na kibarua kimeangukia juu.

Lipo na la pili. Vipandikizi vikiwa viwili, kwa kawaida hukaa mbele, usawa wa chonge. Kule nyuma meno yako yamelala tu juu ya ufizi. Ufizi ukisinyaa kidogo, magego ya chini yanazama, hayabani sawasawa na ya juu, na uzito wote unahamia mbele. Hapo ya juu yanakuwa bembea: mbele yanapanda, nyuma yanashuka, hewa inaingia, yanadondoka. Usilivumilie hili. Mfupa wa mbele wa taya la juu ukigandamizwa hivyo miaka na miaka, huisha, ukabaki ufizi laini unaotikisika, na hapo hata fundi hodari atahangaika.

Ule mlio wa “ta” ni jambo dogo. Ndani ya meno yako mna vipira vya nailoni vinavyobana vichwa vya vipandikizi, navyo huchakaa kwa kuvua na kuvaa. Vinabadilishwa palepale kitini.

Rudi kwa aliyekuwekea. Atakupa karatasi nyembamba ya rangi uiume. Alama zikijaa mbele na magego yakatoka meupe, jibu ndilo hilo. Kisha mwombe ayajazie upya kwa ndani, juu na chini, yakae kufuata ufizi ulivyo leo. Usipige msasa nyumbani, na usizibe tatizo kwa gundi. Nawajua wazee.

Skurubu za juu usizikimbilie. Mfupa wa juu ni laini zaidi, kwa hiyo viwili kwa kawaida havitoshi, tunazungumzia vinne au zaidi. Watoto wapumzike kwanza.

Nyama nayo ina namna yake. Usiivute kwa meno ya mbele, hata ukirekebishiwa. Ikate vipande vidogo, weka kimoja kushoto na kimoja kulia, ubane kwa magego pande zote mbili kwa pamoja. Usiharakishe kumeza: wenye meno bandia wengi humeza mapande makubwa bila kujua. Kliniki huwa nampa mtu bigijii ya rangi mbili, atafune mara 20, kisha naibana iwe bapa. Rangi zikiwa bado zimejitenga kwa michirizi, najua na nyama inashuka hivyohivyo. Mama mmoja aliniapia kwamba anatafuna kila kitu. Bigijii yake ilitoka kama bendera.

Pia wapo wanaopata vipandikizi na kuendelea na uji na wali laini kwa mazoea tu. Wewe umeshavuka hapo. Pweza anza na aliyepigwa na kuchemshwa hadi akalainika, choma baadaye. Usiku vua meno, na vichwa vya vipandikizi uvisugue kwa mswaki laini. Ukiona damu au usaha pembeni yake, usingoje.

Ukienda, funga mishkaki miwili kwenye mfuko. Mimi huwaambia wagonjwa wangu waje na chakula kinachowashinda, nikione kinavyowashinda.