Kwa Baiskeli kutoka Gede hadi Mto Sabaki: Majibu kwa Wasomaji

Wasomaji kadhaa wameniuliza kuhusu safari ya siku moja ya baiskeli katika Kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, inayoanzia Msitu wa Arabuko-Sokoke, ikapita katika magofu ya Gede na mji wa Malindi, na kuishia ng'ambo ya Mto Sabaki, Mamburui. Nimeyapanga maswali yao kwa kuifuata njia yenyewe.

Je, ni bora kuanzia Gede au Mamburui?

Utazame upepo kabla ya ramani. Kuanzia Aprili hadi Septemba huvuma kusi, na kwa kuwa njia hii inaelekea kaskazini karibu muda wote, anayeanzia Gede husukumwa mgongoni tangu asubuhi hadi jioni. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, na mtu yuleyule ataupokea upepo kifuani kwa kilomita 30 hivi, bila kuhesabu vijia vya msituni. Msimu huo ni afadhali ulale Mamburui, uanze na mto alfajiri na kuuacha msitu kwa alasiri, ingawa utawakosa ndege wengi ambao huimba asubuhi tu. Aprili na Mei ni miezi ya masika na njia huwa tope; mimi huchagua Julai au Agosti, wakati kusi bado ina nguvu na jua halijakuwa kali.

Nina baiskeli ya kawaida yenye tairi nyembamba. Itapita msituni?

Itapita sehemu fulani, na kinachoamua ni udongo. Msitu huu wa takriban kilomita za mraba 420 ndio mkubwa kuliko yote iliyosalia miongoni mwa misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki, na ndani yake mna misitu mitatu tofauti: upande wa barabara kuu kuna msitu mchanganyiko wenye mibambakofi, kisha unafuata ukanda wa miti ya mirihi iliyoota juu ya mchanga mweupe, na upande wa magharibi kuna miti mifupi iliyosongamana juu ya udongo mwekundu. Mchanga mweupe ndio unaowaaibisha waendeshaji. Ukiwa mkavu, gurudumu la mbele huzama, usukani hujigeuza wenyewe, na aliyekuwa akienda kwa kasi hujikuta amesimama wima kama mlingoti.

Mimi nimewahi kuisukuma baiskeli yangu humo karibu nusu saa, na faida pekee niliyoipata ni kwamba, kwa kuwa nilikwenda polepole na bila kelele, nilimwona sange, mnyama mdogo wa msituni, akifukua majani makavu kwa pua yake ndefu, hatua chache kutoka kijiani. Sange wa hapa ana baka la rangi ya dhahabu nyuma, na msitu huu ndio ngome yake kuu duniani. Aliposikia cheni ikilia alitoweka, na baka lile likawa kitu cha mwisho kuonekana.

Kwa hiyo tafuta tairi pana, punguza upepo kidogo kabla ya kuingia mchangani, kisha ujaze tena kwa pampu utakaporudi kwenye lami. Miiba ni mingi, kwa hiyo chukua tyubu ya akiba, viraka na solusheni.

Nimesikia kuna tembo. Naweza kuingia peke yangu?

Tembo wapo kweli, na kwenye vichaka vizito utamsikia kabla hujamwona. Usiingie peke yako. Chukua mwongozaji langoni. Malipo ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya serikali ya huduma na malipo, kwa hiyo simu iwe na chaji.

Gede inatosha kwa saa moja?

Haitoshi. Iache baiskeli langoni na utembee, kwa maana vijia vimejaa mizizi na mawe ya matumbawe. Mji huu wa Waswahili ulistawi kwa karne kadhaa, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17, na mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wageni wengi hukimbilia kasri na msikiti mkuu, lakini mimi ningeanzia kwenye kaburi lenye tarehe. Limechorwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na mwaka huo mmoja uliosomeka uliwasaidia wanaakiolojia kukadiria umri wa majengo mengine. Baada ya hapo chungulia visimani. Miongoni mwa sababu zinazotajwa na wataalamu kuhusu kuhama kwa watu, mbali na vita, ni kupungua kwa maji, na hoja hiyo huielewa vizuri zaidi mtu ambaye chupa yake imebaki nusu.

Barabara ya kutoka Gede hadi Malindi ikoje?

Ni lami, kama kilomita 15, na si kipande kizuri. Matatu hupita karibu sana. Vaa kofia ngumu na nguo ya rangi kali, na uimalize kabla ya saa nne asubuhi.

Nikifika Malindi nina saa moja tu. Nione nini?

Nenda kwenye nguzo ya Vasco da Gama, nahodha wa Kireno, juu ya mwamba wa baharini. Yeye na Wareno wenzake walitia nanga hapa Aprili 1498, wakapewa rubani wa kuwaongoza baharini, wakaondoka tarehe 24 na kufika Calicut, India, tarehe 20 Mei. Upepo uliowavusha ni kusi, huohuo unaokusukuma wewe kuelekea Mamburui.

Kwa nini maji ya Sabaki ni mekundu, na je, naweza kushuka hadi ukingoni?

Mto huu huanza kwa jina la Athi kwenye nyanda za juu, ukaitwa Galana, kisha Sabaki, na njiani hubeba udongo uliomomonyoka mashambani. Wakati wa mvua bahari yenyewe hubadilika rangi hadi Malindi. Mlangoni mwa mto utaona ndege wengi wa majini, wakiwemo heroe, lakini simama mbali na maji: mna mamba, na viboko hutoka kula majani jua linapozama. Usikae kamwe kati ya kiboko na mto. Vuka daraja ukiwa bado na mwanga.

Nitarudije nikiwa nimechoka?

Kwa matatu, na baiskeli juu ya keria. Patana na makanga nauli ya baiskeli kabla haijapandishwa, na uifunge mwenyewe, gia zikiwa upande wa juu.