Niliapa kwa Msahafu kuwa sitalitupa kundi. Je, nikijitoa nina dhambi?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Nina miaka 16, tunaishi mji mdogo ambao kila mtu anamjua mwenzake. Kuna kundi la vijana walionizidi umri, mmoja wao ni binamu yangu. Viatu vyangu vya shule vilipochanika walininunulia vipya, kisha wakaniapisha kwa Msahafu kuwa sitawatupa. Sasa wanataka nisimame kona usiku wakati wanavunja duka, nipige mluzi nikiona mtu. Nimekataa mara mbili. Wananiita msaliti, na wamenitajia saa ambayo mama hutoka kazini. Mtu mzima ninayemheshimu ameniambia nisimame tu, kwa sababu sitagusa mali ya mtu, kiapo ni kiapo, na dharura huhalalisha haramu. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Hukuniuliza kama wizi ni haramu. Unajua, ndiyo maana umekataa mara mbili ukiwa peke yako. Kilichoniuma ni jawabu ulilopewa na mtu mzima. Hoja zake zote tatu hazisimami.

Anasema hutagusa mali ya mtu. Mtume (s.a.w.) alimlaani mla riba, mtoa riba, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akasema wote ni sawa. Ameipokea Imam Muslim katika mkusanyiko wake wa hadithi, kutoka kwa sahaba Jabir. Mwandishi wa riba amegusa nini? Kalamu tu. Wanazuoni wa fikihi nao walimzungumzia hasa huyu anayewalinda wanyang'anyi. Wengi wao walimhukumu sawa na aliyepora kwa mkono wake. Imam Shafii alimtenga na hadi ya wanyang'anyi, yaani adhabu maalumu iliyowekwa na sharia, lakini akasema aadhibiwe kwa njia nyingine. Hakuna aliyesema arudi nyumbani akalale, hana kosa. Na kwa akili tu: mluzi wako ndio unaowapa ujasiri wa kuvunja kufuli. Usingekuwa na kazi, wasingekuhitaji.

Anasema kiapo ni kiapo. Subhanallah! Hivi jina la Allah liwe kamba ya kumfungia mtoto kwenye maasi? Mtume amesema mwenye kuapa, kisha akaona lililo bora kuliko alichoapia, afanye lililo bora na atoe kafara ya kiapo chake. Hilo ni katika mambo ya halali; basi kiapo kinachokuvuta kwenye dhambi kina haki zaidi ya kuvunjwa. Kafara yake imo katika Suratul Maida, aya ya 89: kulisha maskini 10 au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku 3. Wewe ni mwanafunzi, huna kipato, basi funga siku 3, na kwa kauli ya baadhi ya wanazuoni, hata usipoziunganisha inatosha. Usiongeze hofu ya kiapo juu ya hofu uliyonayo.

Anasema dharura. Neno hili limekuwa kama mlango usio na komeo, kila mtu anapita nalo. Wanazuoni wameweka masharti: anayetishia awe na uwezo wa kutimiza, tishio liwe la kweli na karibu, na mtishiwa asiwe na njia ya kukwepa wala wa kumwokoa. Wewe bado una mama, una jamaa, una imamu, na kuna serikali. Kukwambia uanze na haramu kabla ya kugonga hata mlango mmoja si fatwa, ni kukutelekeza. Tena wenye duka wakitokea, akauawa mtu usiku ule, nani atabeba damu yake?

Soma Suratul Qasas kuanzia aya ya 15. Mtu wa kundi lake alimwita Nabii Musa amsaidie katika ugomvi, Musa akampiga adui wa mtu huyo ngumi moja, adui akafa. Hakukusudia. Akaomba msamaha, akasema hatakuwa kamwe msaidizi wa wakosefu. Kesho yake yule yule aliyemsaidia akamwita tena! Kundi halitosheki na mara moja, mwanangu. Ukipiga mluzi leo, kesho watakushika kwa huo huo. Na Qur'ani inasema Musa alipambazukiwa mjini akiwa na hofu, akiangalia huku na huku. Nadhani hali hiyo unaijua. Kisha alihama mji, na hakuna anayemwita mwoga.

Viatu si deni la kulipwa kwa dhambi. Wakikusimanga navyo, mama au mjomba awapelekee thamani yake, wewe usiende. Lakini ukijua kuwa viliibwa, haki ni ya mwenyewe.

Usiku huu huu mwambie mama yote, pamoja na hilo la saa yake ya kutoka kazini. Usimfiche kwa kumhurumia. Ni usalama wake, ana haki ya kujua abadili njia na asitembee peke yake. Kisha mwende pamoja kwa imamu na kwa wazee wa ukoo wa binamu yako, na tishio hilo lifike polisi kupitia kwao, si kwa wewe kuonekana ukiingia kituoni peke yako. Huko si kusengenya wala kuuza wenzako. Imam Nawawi ametaja mambo sita yanayoruhusu kumsema mtu, na la kwanza ni aliyedhulumiwa kumshtakia mwenye uwezo wa kumtetea. Na kumzuia binamu yako asidhulumu ndiyo nusura ambayo Mtume alituamuru tumpe ndugu yetu aliye dhalimu. Ikiwa kuna ndugu wa mbali wa kukupokea likizo hii, nenda.

Na wewe mtu mzima uliyemshauri: katika kisa hicho hicho, yupo mtu aliyekuja mbio kutoka mwisho wa mji kumwonya Musa kuwa wakubwa wanapanga kumuua. Hakumwambia avumilie. Mrudie huyu kijana leo, umwambie ulikosea, kisha uwe unamsindikiza kutoka msikitini baada ya Isha mpaka mlangoni kwao.

Allah akuhifadhi wewe na mama yako. Wallahu aalam.